Barabara ya Dar–Zambia kabla ya lami: dereva na utingo walikuwa wanafanya kazi gani?

Swali: "Shikamoo. Babu yangu mzaa baba alianza kazi akiwa utingo, akamalizia akiwa dereva wa malori ya Dar es Salaam–Zambia, kuanzia 1966 mpaka treni ya TAZARA ilipoanza. Alikuwa akisimulia kwamba safari ya kwenda tu iliweza kula wiki mbili. Leo basi linaondoka Dar alfajiri na usiku liko Tunduma. Muda wote ule ulikuwa unapotelea wapi? Na utingo alikuwa na kazi gani hasa? Ameacha kibao kizito cha pembetatu chenye kamba, na kibano kidogo cha chuma chenye skrubu juu. Nyumbani hakuna anayejua vilikuwa vya nini. Tena kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimepinda, akisema usukani ndio uliomvunja. Usukani unavunjaje kidole?" Msomaji, Iringa.

Jibu

Marahaba. Nitaanza na muda, maana ukiuelewa huo mengine yanajifungua yenyewe.

Dar es Salaam hadi Lusaka ni kilomita zipatazo 1,900. Mwaka 1966, ukitoa vipande vya mijini, lami kutoka Dar iliishia Morogoro. Kuanzia hapo ni changarawe na udongo: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, Chimala, Mbeya, Tunduma, halafu upande wa pili Nakonde, Mpika, Serenje hadi Kapiri Mposhi. Lori lenye mzigo kwenye changarawe kavu, ukichanganya tambarare na milima, lilikwenda kilomita 25 hadi 30 kwa saa. Mpe dereva saa kumi za usukani kwa siku, unapata kilomita 250 au 300. Kwa hiyo hata mambo yakienda sawa kabisa, bila pancha, bila mvua, bila kusubiri mpakani, Lusaka ni siku saba. Pancha moja ilikula saa moja na nusu. Springi ikikatika, nusu siku. Tope la masika lilikula kadiri lilivyotaka. Wiki mbili za babu si chumvi.

Mwaka alioutaja nao una maana yake. Tarehe 11 Novemba 1965 utawala wa Ian Smith ulijitangazia uhuru Rhodesia, na Desemba mwaka huohuo mafuta yaliyokuwa yakiifikia Zambia kwa kupitia kusini yakakatika. Zambia ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu. Shaba yake na karibu kila kitu ilichoagiza vilipita reli ya Rhodesia. Ghafla barabara ya udongo, iliyojengwa kwa ajili ya magari machache ya wilayani, ikatakiwa ibebe uhai wa nchi nzima. Malori ya watu binafsi yakamiminika, ya kila umri: Leyland, Albion, Bedford, Mercedes. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ya serikali hizo mbili pamoja na wabia wa Kitaliano, ikaleta malori ya Fiat yenye tela. Udongo ule haukuwahi kuona uzito wa namna hiyo, na mvua ya kwanza ilionyesha matokeo.

Kwenda walibeba mapipa ya mafuta, kurudi walibeba shaba. Mizigo hii miwili ilikuwa na tabia tofauti kabisa, na dereva aliyeizoea mmoja tu alikuwa hatarini akipewa mwingine.

Pipa la lita 200 likijaa dizeli lina karibu kilo 190 pamoja na bati lake. Mzigo wa tani 15 ni mapipa 79 hivi. Yalisimamishwa wima, kizibo juu, yakabanwa kwa vipande vya mbao kusiwe na nafasi, kwa sababu pipa lenye nafasi ya vidole viwili linasugua jirani yake maelfu ya mara kwa siku, na kufika Iringa bati limetoboka kwenye ukingo. Utingo alipanda juu kila kituo, akanusa, akapapasa maungio ya mapipa, akagongomelea kabari zilizolegea. Sigara haikuruhusiwa juu ya bodi, na jiko la jioni liliwashwa mbali, upande ambao upepo haupeleki moshi na cheche kwenye lori. Halafu kuna hesabu ambayo watu wengi hawaifikirii: lori la aina ile lilikunywa kama lita 40 kwa kilomita 100. Kwenda na kurudi Lusaka ni lita 1,500 na ushei, yaani mapipa saba au nane. Zambia mafuta yalikuwa ya mgao, kwa hiyo lori la mafuta lililazimika pia kujibebea mafuta ya kurudia.

Shaba ni kinyume chake. Mikuo, yaani vipande vya shaba iliyoyeyushwa, yenye jumla ya tani 10, ukiitandaza kwenye bodi la mita 7 kwa 2.4, haifiki kimo cha sentimita 7. Ukilitazama lori kwa mbali unasema ni tupu. Ndiyo maana makosa mawili yalijirudia. La kwanza, wapakiaji kurundika mikuo yote katikati kwa kuwa nafasi ipo, chesisi ikapinda au springi za nyuma zikakatika. Ilitakiwa isambazwe, nyingi zaidi ikae juu ya ekseli za nyuma. La pili, dereva mgeni kujisahau kwa kuwa lori halipepesuki kwenye kona, akaliachia mteremkoni. Lori halipepesuki kwa sababu uzito uko chini, lakini breki zinaubeba uleule.

Na hapa tunafika kwenye kibao cha pembetatu.

Hicho ndicho gogo la utingo, wengine wakiliita kabari. Ili ujue kwa nini mtu alilibeba maisha yake yote ya kazi, lazima ujue breki za wakati ule. Malori makubwa yalikuwa na breki za upepo za njia moja: kompresa inajaza tangi, ukikanyaga pedeli upepo unasukuma viatu vya breki ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Bomba likipasuka popote, upepo wote unatoka na breki zinakufa za magurudumu yote kwa pamoja. Malori ya leo yana springi kali ndani ya mtungi wa breki, upepo ukiisha springi inabana gurudumu lenyewe. Kifaa hicho malori mengi ya miaka ya 1960 hayakuwa nacho. Breki ya mkono ilikuwa mkono kweli: fito na waya zinazovuta viatu vya nyuma, nguvu yake ikitegemea misuli ya dereva na waya uliokwisha kulegea. Kwenye tambarare ilitosha. Kwenye mlima, lori la tani 25 liliishinda.

Injini nayo ilikuwa ndogo kwa mzigo. Fiat 682, ambayo wakati ule ilihesabika kuwa mnyama, ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 180. Lori la leo la kuvuta mzigo kama huo lina zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo Kitonga ilipandwa kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, na utingo kweli alitembea. Alishuka chini mlima unapoanza, akafuata gurudumu la nyuma la upande wa nje wa barabara, gogo mkononi. Injini ikizimika au gia ikiruka, ana sekunde mbili. Gogo linawekwa nyuma ya gurudumu, upande wake wa mteremko ukiitazama tairi, na mtu anaruka pembeni mara moja, hasimami nyuma ya lori. Lori linarudi nyuma kidogo, linapanda kwenye gogo, linatulia.

Kamba uliyoiona ni ya kulitoa. Dereva akishakamata tena gia ya kwanza, anabana klachi, anakanyaga mafuta, anaachia klachi taratibu. Lori likisogea mbele shibiri moja, utingo anavuta kamba kutoka pembeni, gogo linatoka bila mkono wake kuingia chini ya tairi. Halafu anakimbia kulifuata lori na kuruka juu ya ngazi ya mlango, kwa sababu dereva hawezi kusimama kumsubiri. Kwa nini wasitumie mawe? Waliyatumia walipokosa lingine, na hayo ndiyo yaliyoua watu. Jiwe la mviringo linabingirika, jiwe laini linapasuka, na baya kuliko yote jiwe linaachwa palepale barabarani. Usiku anakuja mwingine na kulivaa. Gogo la mti mgumu lenye kamba lilirudi na mwenyewe.

Likiwepo tela na barabara ikateleza, walilikata: tela linaachwa chini ya mlima na magogo pande zote mbili, lori linapanda peke yake hadi juu, linashusha mzigo, kisha linarudi kulichukua tela. Mlima mmoja unakuwa safari tatu. Muda wa babu ulienda humo pia.

Kushuka kulikuwa na sheria moja, na kila aliyefundishwa vizuri aliijua: gia unayohitaji kupandia mlima huu ndiyo utakayoshukia. Unaiingiza kabla ya mteremko kuanza, kwa kuwa katikati hutaiweza. Giaboksi nyingi za wakati ule hazikuwa na sinkro, kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno kabla gia haijaingia. Kurudisha gia chini kulikuwa na hatua zake: bana klachi, toa gia uweke nyutro, achia klachi, kanyaga mafuta kuupandisha mzunguko wa injini ulingane na gia unayoiendea, bana klachi tena, ingiza. Yote hayo ni chini ya sekunde mbili, kwa kusikiliza mlio. Ukikosea, meno yanalia na gia haiingii, na uko nyutro na tani 20 za shaba, mlima unakuvuta.

Breki za miguu zilitumika kwa vituo: unakanyaga kwa nguvu mpaka mwendo ushuke vizuri, unaachia, unaipa dramu nafasi ya kupoa, kisha tena. Anayekanyaga kidogo bila kuachia anazipika. Dramu ya chuma ikipata moto inatanuka na kuviacha viatu mbali. Pedeli inashuka zaidi na zaidi. Kisha inakuja harufu ya kuungua, kisha moshi, kisha hakuna kitu. Anayekanyaga haraka haraka naye anamaliza upepo kwenye tangi kuliko kompresa inavyoujaza, hasa injini ikiwa mzunguko wa chini. Jicho moja lilikaa kwenye saa ya upepo. Chini ya mlima walisimama lisaa lizima, na hakuna aliyeruhusiwa kumwagia maji dramu yenye moto, kwa kuwa inapasuka.

Kulikuwa na ugonjwa mwingine, nao ulitokana na tamaa: kutoa gia na kuliachia lori liserereke ili kuokoa mafuta, kisha mafuta yaliyookolewa yauzwe njiani. Baadhi ya mabaki ya malori yaliyolala mabondeni yalikuwa hesabu ya debe moja la dizeli. Sina huruma na hilo. Hata wenzao hawakuwa nayo.

Kidole gumba sasa. Babu yako alisema kweli, na kwamba ni cha kulia kunaonyesha jinsi ilivyotokea. Lori lina usukani upande wa kulia, mkono wa kushoto uko kwenye gia mara nyingi, hivyo wa kulia ndio unaobaki umeshika. Usukani haukuwa na msaada wa mafuta wala upepo. Gurudumu la mbele likigonga jiwe au likidumbukia kwenye shimo kwa pembeni, pigo linarudi juu kupitia fito hadi kwenye usukani, nao unazunguka robo duara kabla hujajua. Kama kidole gumba kimezungushwa ndani ya duara, fito ya katikati ya usukani inakipiga kwa nguvu ya ekseli nzima. Ndiyo maana mafunzo ya kwanza ya utingo aliyekuwa akijifunza kuendesha yalikuwa kulaza vidole gumba juu ya ukingo wa usukani, visiingie ndani. Wengi walijifunza baada ya kuvunjika.

Kibano cha skrubu ni cha pancha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tairi ndizo zilizokula muda mwingi kuliko kitu kingine chochote.

Tairi zilikuwa za nyuzi, zenye mpira wa ndani, kwenye rimu yenye ringi ya chuma inayotoka. Nyuma zilikaa mbili mbili. Kwanza utingo anapiga magogo, anafungua nati nusu mzunguko kabla ya jeki, maana gurudumu likishaning'inia halishikiki. Malori ya Kiingereza mengi yalikuwa na nati za upande wa kushoto zinazofunguka kwa kuzungusha kinyume. Asiyejua alikaza badala ya kufungua mpaka bolti ikakatika. Jeki inawekewa kipande cha ubao mnene chini, la sivyo inazama kwenye mchanga. Gurudumu likishatoka, upepo wote unaondolewa kwa kuchomoa kijiti cha ndani ya nozeli ya tyubu, ndipo ringi inaguswa. Vyuma viwili virefu na nyundo, unazunguka taratibu mpaka tairi linaachia rimu.

Tyubu linajazwa upepo kidogo na kuzamishwa kwenye maji, au likapakwa mate panapohisiwa tundu kama maji ni ya kunywa tu. Panakwanguliwa kwa msasa mpaka mpira uwe mweusi usiong'aa. Kiraka cha moto kilikuja na kisahani kidogo cha bati: chini yake mpira mbichi, juu yake unga mgumu unaowaka. Unakiweka juu ya tundu, unakibana kwa kile kibano chako, unakwangua unga kidogo kwa ncha ya kisu, unautia kiberiti. Unaungua kwa moshi mwingi dakika moja hivi, joto linaivisha mpira ukawa kitu kimoja na tyubu. Hapo utingo mwenye haraka aliharibu: akifungua kibano kabla hakijapoa, kiraka kinanyanyuka ukingoni na pancha inarudi kabla ya magharibi. Kusubiri kulitakiwa kufika dakika kumi.

Kabla ya kurudisha tyubu, mkono unapitishwa ndani ya tairi lote kutafuta msumari au mwiba uliobaki. Nyuzi zikiwa zimekatika, ndani huwekwa kipande cha tairi kuukuu kilichochongwa ukingo ukawa mwembamba, kisiisugue tyubu. Unga wa talki unapakwa, flapa, mkanda wa mpira unaoikinga tyubu na rimu, inawekwa, ringi inagongewa mahali pake. Kujaza kulifanywa kwa bomba lililochomekwa kwenye tangi la upepo la lori lenyewe, injini ikiunguruma, hadi pauni 90 au zaidi kwa tairi la nyuma. Lori lisilo na kompresa lilikuwa na pampu ya mkono, na hapo wawili walipokezana mpaka mashati yalowe. Ringi ambayo haijakaa sawasawa inaweza kuruka tairi likiwa limejaa nusu, na ikimpata mtu kichwani hahitaji hospitali. Kwa hiyo gurudumu lililazwa ringi ikitazama chini, au likafungwa mnyororo kupitia matundu ya rimu, na mjazaji alikaa pembeni.

Pancha nyingi zingezuilika, na kuzizuia ilikuwa kazi ya utingo kila waliposimama. Alizunguka na kipande cha chuma akigonga kila tairi: lenye upepo linaitikia kwa kudunda, lililopungua linatoa sauti ya kifo. Tairi mbili za nyuma zikikaa pamoja na moja ikaisha upepo, mwenzake anabeba mzigo wa wawili na anapasuka ndani ya nusu saa; kwa macho huoni, kwa kuwa zote zimesimama. Aliangalia pia mawe yaliyonasa katikati yao, akayatoa kwa fimbo ya chuma. Kisha kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu. Kimoja kikiwa na moto kuliko wenzake, ama beringi inakufa, ama breki imeng'ang'ania.

Changarawe kavu ilikuwa na mateso yake. Magari mengi yakipita, barabara inajikunja mawimbi madogo madogo ya kupita upande hadi upande. Mtikisiko huo unalegeza nati, unakata mabomba ya mafuta, unavunja mabano ya betri na dainamo. Kila asubuhi spana ilipita kwenye bolti zenye umbo la U zinazoshika springi. Zikilegea, bolti ya katikati ya springi inabeba nguvu peke yake, inakatika, na ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Lori linaanza kutembea mshazari. Tiba ya porini ilikuwa kuinua chesisi kwa jeki, kuirudisha ekseli kwa mnyororo na jeki ya pili, kubana tena, na kama jani kuu la springi limekatika, kulifunga pamoja na kipande cha chuma au mti mgumu kwa waya na kamba ya mnyororo. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa unafika gereji ya Iringa au Mbeya.

Vumbi liliua injini kimyakimya. Filta ya hewa ilikuwa bakuli la oili. Hewa inapita juu yake, vumbi linanasa. Kiangazi bakuli lilifunguliwa kila jioni, tope likatupwa, likaoshwa kwa dizeli na kutiwa oili mpya hadi alama, isizidi. Ikizidi, injini inaivuta oili hiyo na kuichoma badala ya dizeli, mzunguko unapanda wenyewe, na ufunguo hauizimi. Dereva anayejua alibana klachi, akaweka gia kubwa kabisa, akakanyaga breki na kuachia klachi ili aikabe. Asiyejua alikimbia.

Dizeli ya mapipa ilikuwa na maji. Pipa likisimamishwa uani, mvua inatuama juu ya kifuniko, na usiku bati linapopoa linavuta maji ndani kupitia uzi wa kizibo. Wenye akili waliyalaza au kuyaegemeza mapipa kizibo kikiwa juu ya usawa wa maji, na walichuja kwa ngozi laini au kitambaa kizito wakati wa kujaza tangi. Maji yakifika kwenye pampu, au tangi likikauka, hewa inaingia kwenye mabomba na injini ya dizeli haiwaki hata ukizungusha stata mpaka betri ife. Kutoa hewa kulifuata njia ya mafuta yenyewe: unalegeza skrubu juu ya filta, unasukuma kijiti cha pampu ndogo kwa kidole mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, unakaza, unafanya hivyohivyo kwenye pampu kubwa, mwisho unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli, mwenzako anapiga stata kidogo, mafuta yakiruka unakaza moja baada ya nyingine. Betri ikiwa mbovu hufiki mwisho. Ndiyo maana popote walipolala walitafuta mteremko, pua ya lori ikitazama chini, magogo mbele ya magurudumu: asubuhi unatoa gogo, unaachia, unaingiza gia ya pili, linaamka.

Kuhusu matope nitasema machache, maana picha zake unazijua. Pwani na Morogoro masika ni Machi hadi Mei. Nyanda za juu kusini na Zambia mvua ni Novemba hadi Aprili. Ukichanganya, barabara nzima ilikuwa kavu miezi mitano tu, Juni hadi Oktoba. Udongo mweusi wa mbugani ulikuwa mbaya kuliko mwekundu, kwa sababu hunata, ukajaza nafasi kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu likasimama. Dereva mzuri alisimama kabla ya tope, akavua viatu, akatembea ndani yake mwenyewe kupima kina, akachagua njia na gia, kisha akapita bila kubadili gia wala kuongeza mafuta ghafla. Gurudumu likishaanza kuzungukia mahali pamoja, kila mzunguko unachimba kaburi. Hapo ni sepeto, shoka na panga: kuchimba mbele ya kila gurudumu mteremko mdogo, kujaza matawi na mawe, minyororo kwenye tairi za nje. Isipowezekana, mapipa yanashushwa juu ya tairi kuukuu yasipasuke, yanabingirishwa hadi pakavu, lori linatoka tupu, mapipa yanapandishwa tena kwa mbao mbili na kamba. Nyuma foleni imeshajifunga, na kwa kuwa lori la mbele ndilo kizibo cha wote, madereva wa nyuma walikuja na sepeto zao bila kuitwa. Lori lililokufa barabarani lilitangazwa kwa matawi mabichi yaliyotandazwa mita kadhaa mbele na nyuma yake, desturi ambayo unaiona mpaka leo.

Maisha yenyewe yalikuwa ndani ya kisanduku cha mbao kilichofungwa chini ya bodi: unga, chumvi, dagaa, chai, sukari, sufuria mbili, kibatari, na debe la maji ambalo la kunywa halikuchanganywa na la rejeta. Utingo alipika na alilala juu ya mzigo, chini ya turubai, kuulinda. Dereva alilala kwenye kiti. Mshahara ulikuwa wa mwezi, na posho ya njiani ilitolewa kwa safari. Safari ikirefuka posho haikurefuka, kwa hiyo tope la siku kumi lililiwa na mfuko wa dereva.

Utingo hakusomea chuo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianza 1975, babu akiwa tayari anamaliza zama zake. Alianza na kuosha na kupaka grisi, akahamia tairi, kisha akaruhusiwa kulisogeza lori uani, kisha kuliendesha likiwa tupu kwenye tambarare, dereva wake akiwa kando amefumba macho akisikiliza gia. Miaka mitatu au minne hivyo, halafu leseni. Aliyepitia njia hiyo alikuwa anajua kila nati ya lori lake.

Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar hadi Ndola nchini Zambia, lilifunguliwa 1968, na mapipa yakapungua sana. Kazi ikawa shaba kushuka na shehena nyingine kupanda. Lami nayo ilisogea kipande kwa kipande, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawa imeshika sehemu kubwa ya njia. Januari 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa, mzigo wa bandari ya Dar ukapanda tena ghafla. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa Julai 1976. Kwa hiyo kipindi alichokutajia kinalingana.

Kama mnataka kujua alikuwa kampuni gani, tafuteni kwanza leseni yake ya udereva. Kurasa za nyongeza zinaonyesha tarehe na madaraja ya magari. Tafuteni pia kadi au barua yoyote yenye herufi NPF. Mfuko huo wa akiba ya wafanyakazi ulianza 1964, ukageuka kuwa NSSF mwaka 1997, na namba ya mwanachama huambatana na jina la mwajiri. Hati ya kusafiria au karatasi zenye mihuri ya Tunduma na Nakonde zitawapa tarehe za safari zenyewe, na kutokana nazo mtajua alikwenda Lusaka katika msimu gani. Kibano msikioshe kwa maji. Kifuteni kwa dizeli, mpake skrubu yake grisi nyepesi. Vumbi jeusi lililoganda kwenye kisahani ni masizi ya viraka.